Gugu maji limekula theluthi ya bwawa letu: tupige dawa kabla ya Noeli?

"Dokta, jambo. Mimi na bwana wangu tuna bwawa la hekta tatu hivi, nje kidogo ya Lubumbashi, lililozuiwa kwa tuta la udongo tangu enzi za baba mkwe. Wikendi watu wanakuja kuogelea, kupanda boti za kukanyaga, kula samaki na bukari chini ya vibanda. Miaka miwili iliyopita mteja mmoja alituletea ndoo ya maua ya zambarau yanayoelea, tukayaweka karibu na ngazi kwa urembo. Leo yamefunika kama hekta nzima. Alfajiri samaki wanapanda juu wakitweta. Tumefyeka mara nne, yanarudi. Kuna kijana anatuuzia dawa ya kuua magugu inayotoka Zambia, anasema siku kumi yote yamekauka. Jirani anasema tuweke samaki wanaokula majani. Shemeji anasema tufungulie maji, bwawa likauke. Na kuna mwenye bustani anataka kununua majani yakishaoza, awe anaweka mboga mbolea. Sikukuu zinakaribia. Tupige dawa kabla ya Noeli?"

Mama, hapana. Msiipige dawa hiyo, na kabla ya Noeli msipige yoyote. Nitaeleza kwa nini, na nitakuambia mnachoweza kufanya kati ya sasa na Bonane, yaani mwaka mpya. Ila kwanza niseme neno juu ya ile ndoo, maana naona inakuuma. Gugu maji limeizunguka dunia kwa njia hiyohiyo. Kwao ni bonde la Amazoni, na watu walilibeba kwa sababu ya ua lake tu. Katika mto Kongo lilionekana mwaka 1952, na haikupita miaka mitatu likawa limetapakaa kati ya Kinshasa na Kisangani. Serikali ya kikoloni ililipiga dawa kwa gharama kubwa, mwaka baada ya mwaka. Ukoloni ukaondoka, gugu likabaki. Watu wa mtoni walilibatiza "Kongo ya sika", yaani Kongo mpya. Kwa hiyo mteja wenu hakuleta uchawi, alileta zawadi ambayo wengi kabla yake waliileta.

Hakikisheni tu kwamba ndilo lenyewe. Jani la duara lenye kung'aa, kikonyo kilichovimba kama kitunguu chenye sponji ndani, ua la zambarau lenye doa la manjano kwenye petali ya juu: hilo ni gugu maji. Kama ni kitu kinachofanana na kabichi ndogo laini isiyo na ua la kuonekana, au majani madogo yaliyokunjana yenye vinywele, niandikie tena, kwani hiyo ni mimea mingine na ina maadui wengine.

Sasa, kwa nini kufyeka mara nne hakukusaidia. Panga hukata majani na kuacha kitovu cha mmea, kile kinachokaa chini kidogo ya uso wa maji, na hapo ndipo majani mapya hutoka. Tena mimea hii imeshikana kwa mikono myembamba inayotambaa juu ya maji, mama na watoto wake. Panga likiikata mikono hiyo, mtoto aliyekuwa amefungwa kwa mama yake anakuwa huru, upepo unamsukuma hadi upande wa pili wa bwawa, naye anaanza ukoo wake. Mlikuwa mnapanda huku mkidhani mnafyeka. Gugu maji huvutwa zima, pamoja na mizizi, likapelekwa nchi kavu.

Na hapa kuna hesabu ambayo huwa naichora kwa kidole kwenye matope ya ukingoni, kwa sababu bila hiyo pesa huisha bure. Hekta moja ya gugu lililobanana ina uzito wa tani 200 au zaidi likiwa bichi, karibu yote ikiwa maji. Toroli iliyojaa vizuri nahesabu kilo 50. Mna toroli 4,000 zinazowangojea. Mtu mmoja mwenye nguvu, akivuta kwa uma wa shambani na kutoa hadi nchi kavu, mimi humhesabia tani moja kwa siku. Katika joto la Oktoba na Novemba, gugu likiwa na nafasi na chakula, hujizidisha maradufu kwa wiki mbili hivi. Kwa tani 200, hiyo ni kama tani 10 mpya kila siku. Ukiajiri vijana kumi, watavuta tani kumi, na gugu litazaa tani kumi. Jioni unalipa, asubuhi bwawa liko palepale. Ukiajiri ishirini, mambo yanageuka: kila siku linapungua, na linavyopungua linazaa kidogo zaidi, na baada ya wiki mbili hivi unaona maji. Vijana kumi kwa mwezi mzima wanakula pesa nyingi kuliko ishirini kwa wiki mbili, na hawamalizi kazi.

Ni hesabu ya matope, najua. Katikati ya zulia, mahali limebanana sana, haliongezeki kasi hiyo; mbio ziko pembeni, upande unaotazama maji wazi. Ndiyo maana kazi huanzia pembeni hapo, haianzii kwenye ngazi ambako wateja wanaona.

Turudi kwa samaki wanaotweta alfajiri, kwani hao wanakuambia jambo kubwa kuliko gugu lenyewe. Maji hupata oksijeni kwa kugusana na hewa na kwa vimea vidogo vya kijani vinavyofanya kazi mchana kwa nguvu ya jua. Zulia la gugu linazuia hewa isiguse maji, na linavinyima vimea hivyo jua. Chini yake majani ya zamani yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni usiku kucha. Saa kumi na moja asubuhi ndipo akiba inakuwa chini kabisa, na samaki wanakuja juu kutafuta kilichobaki. Sasa fikiria dawa ya yule kijana. Kweli, siku kumi yatakauka. Halafu tani 200 zitazama kwa pamoja na kuanza kuoza ndani ya maji ambayo tayari yako ukingoni. Niliwahi kuitwa kwenye bwawa dogo kuliko lenu, lililopigwa dawa lote kwa siku moja kwa ajili ya harusi. Siku ya harusi tilapia walikuwa wanaelea tumbo juu, na harufu ilifika mezani kabla ya chakula.

Kuna na kilichomo kwenye chupa. Dawa nyingi za kuua magugu zenye glifoseti zinazouzwa kwa ajili ya mashamba huchanganywa na kitu kama sabuni ili zishike kwenye jani, na sabuni hiyo ni sumu kwa samaki na vyura hata kuliko dawa yenyewe. Zipo zilizotengenezwa kwa matumizi ya majini, na mtaalamu akizitumia hupiga kipande kwa kipande, theluthi au pungufu, akisubiri wiki mbili kabla ya kingine. Siko hapa kukuapia kwamba dawa ni haramu. Lakini bwawa lenu watu wanaogelea, samaki wake wanaliwa, na chini ya tuta naamini wapo wanaoteka maji. Chupa isiyo na maandishi mnayoweza kuyasoma haina nafasi hapo.

Samaki wala majani, jirani ana nia njema. Yule anayesifiwa ni kapi wa Kichina, naye hupenda majani laini yaliyo ndani ya maji. Gugu maji kwake ni kama kumpa mtu mkeka ale. Atamaliza majani mengine yote mazuri mliyonayo kwanza, halafu siku moja ya mafuriko atavuka tuta na kuwa mgeni mwingine mtoni. Hata tilapia wetu wa asili anayekula majani, aliyefugwa na kujaribiwa sana kwenye kituo cha utafiti wa samaki cha Kipopo tangu enzi ya wakoloni, hataweza kazi hii. Wawekeni kwa ajili ya kula, basi.

Shemeji ana sehemu ya ukweli. Bwawa likikauka, mimea mikubwa hufa, na matope yakipasuka ni rahisi kuikusanya. Ila kila ua mliloliona likinyauka lilipinda shingo na kuingiza mbegu majini, na mbegu hizo hukaa kwenye matope miaka hadi 20 zikingojea. Zinangojea nini? Maji machache na mwanga. Yaani hasa kile ambacho kukausha bwawa kunazipa. Mvua za kwanza zikirudi, ukingo wote utajaa miche midogo kama nyasi, ambayo mtu asiyeijua ataipita. Ukikausha, uwe tayari kupalilia ukingo kila wiki msimu mzima unaofuata. Na tuta la udongo la miaka mingi halifunguliwi ovyo: maji yakishuka haraka, udongo uliolowa ndani hubaki mzito bila kitu cha kuuegemeza, unaporomoka. Msiguse mlango wa maji kabla fundi wa mabwawa hajalitembelea.

Wapo pia wadudu, nami siwezi kuwaruka kwa sababu ndio waliofanya kazi kubwa zaidi Afrika. Ni fukusi wadogo, ndugu wa wale wa mahindi kwa sura, ambao hula gugu maji na kufa njaa likikosekana. Katika ziwa Victoria gugu lilifika mwisho wa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika hekta zaidi ya 15,000. Uganda iliachia fukusi mwaka 1995, Kenya mwaka 1997, na pamoja na mawimbi na mvua za El Niño, zulia lilivunjika ndani ya miaka michache. Baadaye likarudi, kwa sababu maji taka ya mijini hayakuacha kuingia. Kwenu fukusi wana shida tatu: huchukua miaka mitatu hadi mitano, baridi yetu ya Juni na Julai huwapunguza kasi, na lazima waletwe kwa kibali cha serikali, wakitoka mahali panapojulikana. Kwa mto au ziwa kubwa ningewatetea hadi mwisho. Kwa hekta moja inayoweza kuvutwa kwa mikono, hapana.

Nenda basi mahali kijito kinapoingia bwawani. Vuta mmea mmoja, ulaze ubaoni, upime jani na mzizi. Mahali maji ni maskini, gugu hurefusha mizizi kama ndevu za mzee, nyeusi-zambarau, likitafuta chakula, na majani hubaki mafupi yenye vikonyo vilivyovimba. Mahali maji yamejaa rutuba, mizizi ni mifupi na majani yanasimama hadi kiunoni. Fanya hivyo sehemu tano: kwenye kijito, chini ya vyoo vya wateja, chini ya jiko, karibu na banda la nguruwe kama mnalo, na mbali na vyote. Mahali majani ni marefu na mizizi ni mifupi, hapo ndipo mnapolilisha. Mara nyingi ni shimo la choo lililochimbwa mita chache kutoka majini, au maji ya kuoshea vyombo yanayoteremka kwa mfereji, au bustani ya juu inayowekwa urea kabla ya mvua. Mkivuta gugu lote bila kuziba mfereji huo, mmetayarisha shamba tu. Hamisheni choo, elekezeni maji ya jiko kwenye migomba, acheni ukanda wa nyasi na matete wa mita kumi kati ya bustani na maji. Kazi hii haipigwi picha, lakini ndiyo inayodumu.

Kuhusu yule mwenye bustani anayetaka majani, kwa watu wa Goma ningesema muuzie. Kwa Lubumbashi nasema ngoja. Gugu maji linavuta madini kutoka majini na kuyahifadhi, hasa kwenye mizizi. Kuna nchi wanalitumia kusafishia maji machafu kwa sababu hiyohiyo. Nasi tunaishi juu ya shaba na kobalti. Kama kijito chenu kinapita karibu na mgodi, kiwanda au lundo la mabaki ya madini, mbolea hiyo itayapeleka kwenye lengalenga na kutoka hapo hadi kwenye sahani. Kuchoma hakusaidii, moshi unaondoka na madini yanabaki kwenye majivu. Pelekeni kwanza sampuli ya mizizi, ya majani na ya matope kwenye maabara. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Yakiwa safi, uza. Yakiwa machafu, yakaushwe na kufukiwa mahali pa juu, mbali na kisima.

Sasa ratiba. Mvua ziko mlangoni, na huu ndio wakati mbaya kuliko yote wa kupigana na gugu maji Katanga. Kama mna pesa za vijana ishirini leo, kabla mvua hazijashika, fanyeni. Kama hamna, msizitumie nusunusu. Chukueni kamba nene, fungeni chupa tupu za plastiki zilizozibwa vizuri kila nusu mita, na chini yake shoneni wavu wa zamani unaoshuka sentimita 30 majini. Kamba hiyo izungushieni zulia lote, ikiwa imefungwa kwenye vigingi imara pande mbili. Gugu litabanana ndani badala ya kutembea. Upande wa wateja, safisheni eneo la kuogelea na njia ya boti, kisha mpeni kijana mmoja mtumbwi na kazi moja tu: kila asubuhi kuzunguka nje ya kamba na kuokota kila mche uliotoroka. Mimea kumi iliyosahauliwa, kwa kujizidisha kila wiki mbili, inakuwa 10,000 kwa miezi mitano. Noeli yenu itakuwa na maji wazi na pembe moja ya kijani. Wateja wataielewa mkiwaeleza.

Vita yenyewe ipangeni Mei hadi Agosti. Sisi tuko mita 1,200 na ushei juu ya bahari, usiku wa Juni baridi inauma, na gugu nalo linasinzia. Maji yameshuka, kijito hakileti rutuba, na upepo wa kusini-mashariki unalisukuma zulia kwenye ukingo wa kaskazini-magharibi bila kuulipa mshahara. Simamisheni vijana hapo. Majani yalazwe nchi kavu mbali na mahali maji ya mvua yatakapofika, yakauke wiki mbili tatu. Tani 200 zitabaki kama tani 10 au zaidi kidogo. Baada ya hapo ni kuokota kila wiki, mwaka wa kwanza wote, halafu kila mwezi, kwa ajili ya zile mbegu.

Wavutaji wavae buti ndefu na glavu. Kwenye mizizi ya gugu wanajificha nyoka, na pia konokono wanaobeba kichocho. Mtu akianza kuona damu kwenye mkojo au choo, au tumbo likimsumbua wiki kadhaa baada ya kazi, aende kituo cha afya na aseme alikuwa majini. Hilo linawahusu na waogeleaji wenu, kwa hiyo eneo la kuogelea liwe safi bila majani hata kabla ya boti.

Jambo moja la mwisho la tuta: mahali maji ya ziada yanapomwagikia, wekeni wavu wa kuzuia miche isitoroke. Vijito vya upande wetu vingi humwaga mto Kafubu, Kafubu humwaga mto Luapula, na Luapula ndiyo inayojaza ziwa Mweru. Wavuvi wa kule hawaihitaji zawadi hii. Lakini wavu uwe mpana na usafishwe kila mvua ikinyesha, usiku hata. Wavu ulioziba kwa majani hugeuza njia ya maji kuwa ukuta, maji yanapita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa na maji juu halichelewi kukatika.

Mwite mtu aje mwenyewe kama: samaki wanakufa wengi kwa siku moja, tuta linavuja au limepasuka, zulia limepita nusu ya bwawa, au bado mnafikiria dawa. Kwa hilo la dawa, ofisi ya mazingira na ya kilimo zijue kabla chupa haijafunguliwa. Kwa mengine, pima kwanza ile mimea mitano, jani kwa mzizi, uandike na mahali ulipoivuta, kisha unitumie. Nikiona namba hizo nitaweza kukuambia ni mfereji gani wa kuziba kwanza.